Moja Mpaka Kumi

Mbu wa ziwani hawaumi. Wanajaa tu.
Waliinuka pale Kapripoint
kama moshi wa mtu anayechoma majani mabichi,
wakaniingia machoni, puani, mdomoni.
Nikafumba macho kwa muda wa kusema "mama",
na jiwe la pembeni likahamia katikati.

Helmeti ilikuwa moja. Nilimpa abiria.
Niliwaambia hilo wote:
aliyenivua kiatu,
aliyenishika shingo kwa viganja viwili
kama mtu abebaye mtungi wenye ufa,
hata taa za dari niliziambia,
moja inawaka, moja inakonyeza.

Mkasi ulianzia kwenye pindo.
"Sista, hii suruali ni mpya."
"Ilikuwa," akasema, na mkasi ukapanda.
Niliinunua Mlango Mmoja, elfu nane,
baada ya kubembeleza mpaka muuzaji akaniita shemeji.
Sasa ni vitambaa viwili sakafuni
na mtu anavikanyaga.

"Tazama juu. Huku usitazame."
Nikatazama.
Paja langu lilikuwa na kona
mahali ambapo Mungu hakuweka kona.

"Maumivu, kaka. Moja mpaka kumi, ngapi?"
Hesabu ninayoijua mimi ni ya jioni:
elfu kumi kwa Nkwabi, mwenye chombo,
iwe mvua, iwe pancha, iwe msiba wa shangazi.
"Elfu kumi," nikasema.
Hakucheka. Aliandika kumi.

"Tumpigie nani?"
Simu imebaki lami, imelala kifudifudi.
Namba ya mke wangu siijui;
humo ndani ameandikwa Mama Holo,
nami hubonyeza jina tu.
Iliyokuja ni ya Nkwabi,
tarakimu kumi, bila kigugumizi.
Daktari kijana akatabasamu: "Ubongo uko sawa."
Mimi nikaona aibu, nikageukia ukuta.

Kisha sindano.
Mawe ya mlima wa Bugando yakaanza kupumua,
taratibu, kama ng'ombe waliolala.
"Tutavuta mguu. Ukifika tatu."
Moja, nikahesabu.
Mbili,

na walivuta kwenye mbili.

Sitasimulia sauti niliyoitoa.
Waliokuwa foleni ya damu wameshaisimulia.

Pazia la kijani. Nyuma yake mtu anakohoa.
Nilikisikiliza kile kikohozi
nikitafuta ndani yake mwalimu Kokushubila,
aliyepanda kwenda Nyegezi
na rundo la madaftari ya darasa la tano mapajani,
tuliyevutana bei toka elfu tatu.
Abiria wangu yuko wapi?
Nilimuuliza mfagiaji. Nilimuuliza mtu wa eksirei,
naye akaniambia nisipumue.

Saa sita usiku akaja Nkwabi, kanzu na kandambili.
"Pikipiki iko wapi?"
Hilo ndilo la kwanza. Sitamtetea.
Kisha akauona mguu, umefungwa mbao, umening'inizwa uzito,
akanyamaza muda mrefu,
akachukua karatasi ya dawa mkononi mwa sista
akaenda nayo dirishani kulipa.
Aliporudi hakusema kitu.
Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa
akasinzia mdomo wazi, chenji ikiwa imekunjwa ngumini.

Alfajiri ziwa lilionekana kwa kipande,
kati ya tangi la maji na bati la kantini,
rangi ya chai isiyo na maziwa ya kutosha.
Mtoto wa kitanda cha jirani alikuwa akihesabu kunguru
na kuruka saba kila mara.

Devota akaja kukabidhi zamu, macho mekundu.
"Mwalimu wako yuko wodi ya kina mama.
Nyuzi nne kidevuni, basi. Helmeti ndiyo iliyopasuka.
Madaftari yamelowa, anayaanika dirishani.
Anauliza anadaiwa ngapi."

Nililia kama mtu aliyepata ruhusa.
Yeye akafuta mahali pa uzi wa dripu,
akafungua faili, akarudi kwenye kazi yake:
"Na sasa, ngapi?"

"Buku mbili na jero," nikasema.

Akasimama na kalamu yake,
hajui aandike wapi.